Stata ya Gari ya Bwana Nassor

Jumatano, 14 Mfunguo Tano. Mvua ya mchoo, nyembamba, tangu alfajiri. Ilikatika tulipotoka msikitini na jeneza, ikarudi tulipomaliza kufukia.

Leo tumemzika Fundi Shaame, aliyenifundisha kazi ya umeme wa magari pale Konde nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nililibeba jeneza zamu yangu kama wengine. Imamu alipotuuliza tunamshuhudiaje maiti huyu, watu wakajibu kwamba alikuwa mtu mwema, na mimi nikajibu hivyo hivyo, kwa sauti, wala sikusema uongo. Alikuwa mtu mwema. Hiyo ndiyo tabu ya habari hii. Angelikuwa mtu mbaya ningeimaliza kwa mistari michache nikalala zangu. Nimerudi nyumbani Shumba na udongo magotini, nimekaa ukumbini na daftari langu, na sina hakika kama nitaweza kuueleza mwaka ule bila ya kujipendelea. Skuli sikuiendea mbali, na mambo yakiwa yananihusu mwenyewe huwa siyaamini macho yangu. Nitajaribu. Anayesoma akiona najipendelea, apunguze.

Gereji yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali kando ya barabara, chenye mlango wa mabati na dirisha dogo la nondo. Ndani mlikuwa na meza ndefu ya mfenesi iliyolowa oili hata ikawa nyeusi kama ngozi, na ubao ukutani tuliopangia vitu vya watu vinavyosubiri kutengenezwa. Tulikuwa watatu: Fundi Shaame, mwanawe Khamis ambaye ni rika langu, na mimi. Adhuhuri mke wa Fundi, Bi Zuwena, akituletea sinia moja, wali wa nazi na mchuzi wa pweza, au siku za shida muhogo na dagaa, na sote watatu tukila humo humo, Fundi akitusogezea minofu upande wetu kwa ncha za vidole huku akizungumza habari nyengine, kama kwamba mkono wake unafanya bila ya yeye kujua. Nimekula katika nyumba nyingi tangu siku hizo. Sijakaribishwa tena namna ile.

Gari ya Bwana Nassor ilikuwa ya kuendea njia mbovu, ndefu juu, yenye turubai nyuma, inayovuta kwa miguu yote minne. Bwana Nassor ni katika Waarabu wa huku kwetu ambao zamani walikuwa na mashamba yasiyo na mwisho. Yeye alibakiwa na mikarafuu kiasi, adabu nyingi, na gari hiyo. Masika yakishuka na njia za Shumba zikiwa uji, haikuwapo gari nyengine ya kufika. Ndiyo iliyokuwa ikipeleka wagonjwa Wete, wenye uchungu wa kuzaa, na mabwana harusi. Kwa hiyo stata yake ilipokufa, ilikuwa msiba wa watu wengi. Ukibonyeza inalia tk, basi. Ikabidi iwashwe kwa hendeli, ule mkono wa chuma unaochomekwa mbele na kuzungushwa kwa nguvu, na si kila dereva ana nguvu hizo, wala si kila mgonjwa ana subira hiyo.

Tuliifungua juu ya meza. Kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme, vilikuwa vimelika mpaka mwisho, na vyuma vinavyovishika vikaanza kuikwaruza shingo ya shaba ya amecha, ile nguzo ya waya inayozunguka katikati ya stata. Bushi, zile pete zinazoushika mhimili wake, zilikuwa zimepanuka, na amecha ikicheza ndani kama jino la mtoto. Fundi Shaame akaigeuza geuza, akasema, "Hii imemaliza chakula, sasa yala sahani." Bwana Nassor akacheka, akasema ana mpwa wake Dar es Salaam, atamtafutia amecha nyengine. Ikaja kwa meli baada ya wiki kadhaa, imefungwa ndani ya kanga kuukuu. Nilikuwa mimi niliyeifungua. Niliinyanyua dirishani, waya zake zikang'aa, nikasema, "Shaba yote hii, mtu angeiuza akaoa." Nilikuwa nimemposa Mize, binti wa pale pale Konde, na kila mtu alijua. Walicheka wote, Fundi akacheka kupita wote. Nayaandika maneno haya kama yalivyotoka kinywani mwangu kwa sababu baadaye yalirudiwa sana, na walioyarudia hawakuyaongeza chumvi.

Ijumaa yake nilifunga gereji mimi. Fundi na Khamis walitangulia kwenda kuoga. Ufunguo nikautia mfukoni, nikaenda msikitini, nikatoka, nikafungua. Kanga ilikuwa ubaoni, imekunjwa. Amecha haimo. Kufuli halikuvunjwa. Tulitafuta chini ya meza, ndani ya matairi, mpaka kwenye kikapu cha vyuma chakavu ambacho Fundi humwuzia mnunuzi anayepita na baiskeli. Kikapu kilikuwa kitupu. Mnunuzi alikuwa amepita asubuhi. Huenda mmoja wetu aliitia humo kwa kudhani ni ile mbovu. Huenda ni Fundi mwenyewe, maana macho yake yalikuwa yameshaanza kupungua na ni yeye aliyekuwa akikijaza kikapu. Lakini sikumwona, na jambo nisiloliona sitalishuhudia, hata leo, hata kwa faida yangu. Dirishani palikuwa na nondo moja iliyolegea. Niliijaribu kwa amecha ya zamani, ikapita kwa tabu. Nikakimbia kumwonyesha Fundi, nafurahi. Akaitazama nondo, kisha akanitazama mimi, akaniuliza polepole nimejuaje kama yapita.

Huku kwetu kitu kikiibiwa hakukimbiliwi polisi. Hutangazwa msikitini baada ya sala kwamba aliyechukua arudishe, na hupewa siku chache, ili apate nafasi ya kukitupa mlangoni kwa mwenyewe pasipo mtu kumwona. Ni utaratibu wa huruma. Mara nyingi kitu hurudi, na aibu ya mtu hubaki kwake na Mola wake. Kisiporudi husomwa Halbadiri, kisomo kinachomdhuru mwizi, na hapo aliyechukua huwa amejitakia. Fundi Shaame alitangaza hivyo, hakunitaja wala hakuniashiria. Aliniita pembeni akaniambia kwamba hasomi kwa ajili yangu, anasoma kwa ajili ya aliyechukua, na kama si mimi sina la kuogopa. Maneno ya haki kabisa. Na mimi nilitaka isomwe. Niliona siku zinachelewa. Niliamini kwamba ikishasomwa nami nikabaki mzima, watu watanyamaza. Nilikaa safu ya mbele, ubani ukinijaa puani, nikaitikia amin kwa sauti kubwa kupita Khamis.

Bado gari ilikuwa ikitumika kwa hendeli. Siku moja, si muda mrefu baada ya kisomo, ililetwa asubuhi inazimazima. Fundi akairekebisha moto, yaani wakati wa cheche kupiga, kisha akaniambia niiwashe. Niliishika hendeli, nikazungusha. Injini ikarudi nyuma kwa ghafla, hendeli ikanipiga mkono wa kulia, na nikausikia mfupa kabla ya kuyasikia maumivu. Fundi yeyote wa siku zile atakwambia kwamba cheche ikiwahi mno, hendeli hurudisha teke. Ndiyo maana huambiwa usiizungushie kidole gumba. Fundi Shaame mwenyewe kifundo chake cha mkono kilipinda tangu ujanani, hendeli ya lori, na alikuwa akituonyesha ili tujihadhari. Lakini ya kwake ilikuwa hendeli. Ya kwangu ilikuwa Halbadiri. Nilipokuwa bado nimekaa chini nimeukumbatia mkono, nilisikia mtu barazani ng'ambo ya njia akimwambia mwenziwe, bila ya chuki yoyote, kama anayetaja saa: "Yakhe, imeshamkamata."

Sisemi Halbadiri ni uongo. Mimi ni nani hata niseme? Nasema tu kwamba hendeli hurudisha.

Walinipeleka kwa mzee mmoja anayeunga mifupa, akaninyoosha, akanifunga kwa vibanzi vya mwanzi na kitambaa kilicholowa mafuta. Nililazwa chumba cha nyuma nyumbani kwetu, kilichopakana na kisima. Ukuta ulikuwa wa udongo, na maneno yaliingia kama moshi. Wanawake walichota maji na kunizungumza. Mmoja alinitetea, na sijui ni nani mpaka leo. Alisema gari zawavunja watu kila siku. Mwenziwe akamjibu, "Mbona haikumvunja mwezi uliopita? Nkono ule ule, hendeli ile ile." Wakajitwika ndoo zao, wakaenda. Na hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wenyewe, ambao mzee wa mifupa hakuuona. Nikaanza kujiuliza. Nilimwomba mama afungue sanduku langu la nguo, nikitazama. Nikamwuliza kama niliwahi kutembea usingizini nilipokuwa mdogo. Akaniambia sikuwahi, lakini aliniangalia muda kabla ya kujibu, na nadhani ndani ya muda ule alikuwa anapima.

Fundi Shaame alikuja kunitazama karibu kila siku. Alileta mayai, alileta samli ya kuchulia, alimlipa mzee wa mifupa na hakutaka kuambiwa ahsante. Siku moja alipokuwa ametoka mama, alikaa ukingoni mwa kitanda akauweka mkono wake uliopinda juu ya vibanzi vyangu.

"Faki mwanangu," akasema, "nkono utapona. Kilichobaki ni kurejesha tu. Ukikitupa mlangoni pangu, wallahi sitauliza."

Nikamwambia, "Fundi, sikuchukua."

Akanipangusa jasho usoni kwa kilemba chake. "Haya," akasema. "Ukiwa tayari."

Wiki zile zile alikuja shangazi yake Mize na ukili wake mkononi, akaketi juu ya mkeka kwa mama. Alisuka kwanza, wakazungumza mvua na bei ya mpunga. Kisha akasema kwamba si kama wananidhania, hasha, lakini mtu humpeleka mtoto wake penye utulivu. Mama akasema amefahamu. Shangazi akamaliza kahawa yake yote, akaomba radhi, akatoka. Mize nilikuja kumwona mara moja tu baadaye, kwa mbali, na alijifunika uso. Huenda kwa aibu ya kuniacha, huenda kwa aibu yangu. Aliolewa kisiwani Fundo. Nasikia ameishi vizuri na sina sababu ya kutaka iwe vyengine.

Nilirudi gereji mkono ukiwa bado umefungwa, kwa sababu stata ilikuwa bado iko wazi mezani na Bwana Nassor hakuwa na njia ya kupata amecha nyengine. Siku ya kwanza lilipokuja sinia, juu yake palikuwa na bakuli pembeni, limefunikwa kawa, na kijiko. Lilikuwa langu. Na lilikuwa na sababu: mkono wa kulia siwezi, na wa kushoto hautiwi katika sinia ya watu. Bi Zuwena alinitilia hata nyama zaidi kuliko wao. Nilikula nimekaa juu ya boksi, wao wamekaa mkekani. Baadaye vibanzi vilifunguliwa, nikawa nashika nyundo kwa mkono wa kulia mbele ya macho yao, na bakuli likaendelea kuja.

Amecha ya zamani tuliitengeneza, na nitaieleza kazi ile kwa sababu ndiyo pekee ya mwaka huo ninayoweza kuikumbuka bila ya kukunja uso. Wete ingechongwa kwa mashine. Sisi hatukuwa na mashine. Tuliilaza juu ya vipande viwili vya mti vilivyokatwa mfano wa panda, tukazungusha kamba kwenye mhimili wake, Khamis akaivuta huku na huku ikizunguka, na mimi kwa mkono wa kushoto nikaishikia msasa shingo ya shaba, mkali kwanza, laini baadaye, mpaka mikwaruzo ikaondoka na shaba ikawa duara tena. Kisha ikabaki michirizi iliyo baina ya vipande vya shaba, ambayo lazima iwe chini kidogo kuliko shaba yenyewe, la sivyo kaboni zitaruka. Hiyo husafishwa kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa kikawa chembamba, mchirizi mmoja baada ya mmoja, na ukiteleza umekwisha. Macho ya Fundi hayakuweza. Niliifanya mimi, kiwiko cha mkono mbovu kikiizuia isizunguke, ulimi nje kama mtoto. Fundi akachonga bushi mpya za shaba, akazilaza ndani ya oili zinywe. Kaboni tulizipata za lori, kubwa mno, nikazipiga tupa mpaka zikawa zinateleza nyumbani mwao bila ya kukwama, nikaziunga waya zake kwa risasi ya kuyeyusha. Siku hizo Khamis alikuwa akizungumza nami. Kazi ikiwa ngumu watu husahau.

Tulipoijaribu kwa betri chini, Fundi ameikanyaga kwa mguu, iliruka kama kuku aliyechinjwa ikamtoka. Tukacheka watatu. Tukaifunga garini. Watu walikuwa wamekusanyika, kwa sababu ya masika yanayokaribia na kwa sababu ya mengineyo. Bwana Nassor akapanda, akasoma Bismillahi, akabonyeza. Injini ikashika mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara kama mpya. Watu wakapiga makofi. Nilidhani, na huu ndio ujinga wangu ambao bado unanichoma, nilidhani wataona: mtu anayeweza kuifufua hii, ya nini kuiba ile? Mzee mmoja barazani, mtu wa maskhara ambaye hata mimi nilikuwa nikimpenda, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Kumbe ya zamani yafaa! Basi fundi kijana si alijua tangu mwanzo? Ndiyo maana ile mpya kaiona haina kazi."

Walicheka. Lilikuwa la kuchekesha kweli. Nikamtazama Fundi Shaame ili nione anacheka au hacheki. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anajipangusa vidole kimoja kimoja kwa tambara, na nikaona kwamba neno lile limemwingia na limekaa mahali pake, limejaza pengo alilokuwa hajui alijaze na nini. Kazi nzuri kupita zote nilizozifanya maishani ndiyo iliyonihukumu. Ningeliiharibu, huenda wangelinionea huruma. Bwana Nassor alinipa mkono na kunishukuru kiungwana. Safari iliyofuata niliyopanda gari yake, aliutoa mfuko wake kwenye kiti cha nyuma nilichokaa akauweka mbele. Njia ilikuwa ya mashimo. Huenda aliogopa usianguke.

Yalipokwisha mavuno ya karafuu mwaka ule nikaenda zangu Tanga. Fundi Shaame alinipa bisibisi zake mbili nzuri na akaniombea dua mlangoni, ndefu, mpaka macho yakamlenga. Nilifanya kazi huko miaka mingi, mkono ukinivuta kila mvua ikitaka kunyesha, na niliporudi kuja kumuuguza mama nilioa kisiwani Kojani, kusudi, nikidhani maneno ya Konde hayavuki maji. Mke wangu Raya nilimweleza mwenyewe mwaka wa kwanza, kutoka mwanzo mpaka mwisho, nondo, hendeli, kila kitu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Nimekusikia." Hatukulizungumza tena, na mimi nililihesabu lile kuwa ndilo jambo bora nililopewa na mtu yeyote tangu mwaka ule.

Leo baada ya Alasiri, nilipokuwa nimeandika kama nusu ya haya, alikuja Khamis kwa pikipiki, ameroa. Alikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyoziona makaburini. Nilimpa kiti, akakataa, akaketi mkekani karibu yangu. Raya alikuwa nyuma ya pazia anapika chai. Khamis akasema hawezi kulala na amana ya maiti, amekuja kuifikisha. Baba yake, siku mbili kabla ya kukata kauli, alimwita akamwambia maneno, akamtaka ayarudie mbele yake ili asiyakosee.

"Kasema: Mwambie Faki nimemsamehe. Ile amecha nimemsamehe duniani na akhera, asije akasimamishwa kwa ajili yangu. Na kasema sijapata kumchukia hata siku moja."

Khamis alikuwa analia. Alikuwa amempoteza baba yake asubuhi ya leo, na amekuja njia yote hii na mvua kunipa kitu ambacho yeye anakiona kikubwa. Na ni kikubwa. Mtu kulala na maumivu yake akamkumbuka aliyemwibia, akamfungulia: ni wangapi wanaoweza? Nilikuwa na maneno mawili tu, yale yale niliyomwambia baba yake nilipokuwa nimelazwa na mkono. Nikatazama uso wake, nikaona kwamba nikiyasema nitakuwa nimemrudishia maiti wake mkononi, na hakuna tena wa kuniambia "Haya, ukiwa tayari". Nikasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu." Akaitikia amin. Akanibusu mkono, huu wa kulia. Akanywa chai, akaenda zake.

Raya alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia yote. Alisimama katikati ya ukumbi, akainua mikono miwili usoni, akaishusha.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi rabbil alamin. Mungu kakutua mzigo, mume wangu. Nilikuwa nakuombea hili kila siku."

Nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sijaiona kwake hata siku za harusi za watoto. Nilitaka kumwuliza ni mzigo gani. Inawezekana alikusudia maneno ya watu, si kitendo. Inawezekana. Nimelipindua neno lake pande zote kama ninavyojua kupindua, na kila upande nilipoliweka halikukaa.

Mvua imekatika baina ya Magharibi na Isha. Tumekula ndizi mbichi za nazi na changu wa kuchoma ambaye Raya alimnunua asubuhi kabla ya habari ya msiba. Raya alichambua miba, akanisogezea mnofu wa tumboni upande wangu. Nikala.